Anayesema "leo hapana" kabla ya dawa ya usingizi asitukanwe

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, jamaa yetu ilikuwa imeketi kwenye benchi la hospitali kuu moja ya rufaa huku mashariki mwa Kongo. Shangazi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wazee wa kisiwani wanaujua sana. Alikuwa hajala tangu jana yake jioni. Pesa za upasuaji zilipatikana kwa taabu: mbuzi wawili waliuzwa, ndugu walichanga, na sehemu nyingine ilitoka kwenye likelemba ya akina mama wa sokoni.

Kabla ya kuingizwa katika chumba cha upasuaji, akaja muuguzi wa anestezi, kijana mpole. Akamwambia shangazi, "Mama, fungua mdomo sana." Akapima kwa vidole vyake vitatu. Akamwomba atoe ulimi, kisha ainue kidevu na kuangalia juu. Mwishoni akamwuliza, "Usiku ukilala chali, unapumua vizuri?" Shangazi akajibu kwamba ilikuwa imepita miezi mingi akilala ameketi, ameegemea ukuta.

Kijana yule alinyamaza kidogo, akaenda kuzungumza na daktari mpasuaji, akarudi na maneno machache: "Leo hapana. Nikimlaza mama usingizi hapa, sina hakika kwamba nitaweza kumpa hewa. Aende hospitali yenye vifaa."

Tulimkasirikia. Baba mdogo alimwita mwoga. Mwingine alinong'ona kwamba anataka kitu kidogo. Mimi, na diploma yangu ya uandishi wa habari, nilitoa daftari ili niandike makala juu ya hospitali inayofukuza wagonjwa.

Makala ile sikuiandika, na leo nashukuru. Tangu nianze kufuatilia habari za afya, nimeelewa kwamba kijana yule alifanya sehemu ngumu zaidi ya kazi yake mbele yetu, na sisi tukamlipa matusi. Tahariri hii inataka kusema jambo moja: katika dawa ya usingizi, mgonjwa anaokolewa na maandalizi yaliyofanywa kabla hajafumba macho, na na watu walio huru kusema "tusimame". Hospitali zetu, serikali yetu na sisi wenyewe, jamaa za wagonjwa, tunapaswa kulinda mambo hayo mawili.

Dakika chache tu

Watu wengi wanafikiri kwamba usingizi wa upasuaji ni sawa na usingizi wa kitandani. Sivyo. Dawa zinazotumiwa kwa usingizi kamili hupunguza au husimamisha pumzi, na zile za kulegeza misuli huizuia kabisa. Ulimi hulegea na kuanguka nyuma. Kuanzia hapo, mgonjwa hapumui tena kwa nguvu zake. Anapumuliwa na mtu mwingine. Mtu huyo lazima apate njia ya kupitisha hewa: kwa maski inayobanwa usoni, kwa maski ndogo inayokaa ndani ya koo, au kwa mrija unaopita kati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye njia ya hewa.

Hesabu yake ni rahisi, na kila msomaji anaweza kuifanya. Mtu mzima mwenye afya, akishusha pumzi kawaida, hubaki na lita 2 na nusu hivi za hewa mapafuni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo akiba yake ni kama nusu lita. Mwili hutumia karibu robo lita ya oksijeni kila dakika. Maana yake, pumzi ikisimama, akiba hiyo ni ya dakika kama mbili tu.

Lakini mgonjwa huyohuyo akipumua oksijeni safi kwa dakika tatu kabla ya kulala, mapafu yanajaa oksijeni, na muda wa usalama unaweza kufika dakika nane. Ndiyo sababu maski inawekwa usoni na mgonjwa anaambiwa avute pumzi kwa nguvu. Si desturi ya bure. Ni kununua muda. Mama mjamzito, mtoto mchanga, mtu mnene sana au mgonjwa wa mapafu hawapati dakika zote hizo. Kwao oksijeni hushuka haraka sana, na ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache huanza kufa.

Njia ngumu ya hewa ni ile ambayo mtaalamu aliyefundishwa vizuri anashindwa, au anapata shida kubwa, kupitisha hewa kwa maski au kuweka mrija. Huku kwetu sababu zake si chache. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya marovu yanayoletwa na upungufu wa iyodi. Rovu kubwa linaweza kubana njia ya hewa au kuisukuma upande. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengine wengi wakaungua. Anayeungua shingoni na akapona anaweza kubaki na kovu gumu linalovuta kidevu kuelekea kifuani, na kichwa chake hakiinuki tena. Ongeza taya zilizovunjwa na risasi au ajali za pikipiki, jino lililooza mpaka uso na shingo vikavimba, na uvimbe wa taya kwa watoto. Hao wote siku moja watahitaji kulazwa usingizi.

Dalili nyingine huonekana mapema. Mwaka 1985 daktari Seshagiri Mallampati alieleza njia rahisi ya kupima: mgonjwa aketi, afungue mdomo, atoe ulimi, na mtaalamu aangalie sehemu gani za nyuma ya koo zinaonekana. Kile kipimo cha vidole vitatu, mwendo wa shingo, meno yaliyolegea, na swali kama mtu aliwahi kupata shida katika upasuaji wa zamani, vyote hivyo havigharimu hata franga moja.

Lakini vipimo hivyo havioni kila kitu. Utafiti mkubwa uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2015, uliochunguza wagonjwa zaidi ya 188,000, ulikuta kwamba asilimia 93 ya waliokuwa wagumu kuwekewa mrija hawakuwa wametambuliwa kabla. Hili ndilo jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika. Ikiwa ugumu mwingi unakuja bila kupiga hodi, basi mpango wa dharura hauwezi kuwekwa kwa ajili ya wagonjwa wachache wenye shingo za kutisha. Lazima uwepo kwa kila mgonjwa, kila siku.

Kifo kilichofundisha dunia

Tarehe 29 Machi 2005, nchini Uingereza, mama mmoja wa watoto wawili, Elaine Bromiley, mwenye miaka 37, aliingia hospitalini kwa upasuaji mdogo wa pua. Alikuwa na afya nzuri. Hakukuwa na vita wala ukosefu wa umeme. Vifaa vilikuwapo. Waliomhudumia walikuwa madaktari wenye uzoefu wa miaka mingi.

Baada ya kulala, njia yake ya hewa ilikataa. Maski ya koo haikukaa vizuri, na maski ya usoni haikupitisha hewa ya kutosha. Daktari mwingine wa usingizi na mpasuaji wakaja kusaidia. Wote watatu wakaendelea kujaribu kuweka mrija, tena na tena, kwa muda mrefu, huku oksijeni ikiwa imeshuka vibaya. Wauguzi waliona hatari. Mmoja alileta vifaa vya kufungua njia ya hewa shingoni na kuwaambia madaktari kwamba viko tayari. Mwingine alikwenda kutafuta kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Maneno yao hayakubadilisha kitu. Elaine Bromiley hakuzinduka, na alikufa siku 13 baadaye.

Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Katika kazi yake, ndege ikianguka, watu hawaishii kuuliza nani wa kufungwa. Wanauliza nini kilitokea na jinsi ya kuzuia kisitokee tena. Aliomba uchunguzi wa namna hiyo kwa kifo cha mke wake, na baadaye akaanzisha kundi la wataalamu wanaoshughulikia makosa ya kibinadamu hospitalini. Leo kisa hicho kinafundishwa katika shule nyingi za udaktari duniani.

Kwa nini tunakileta hapa Kongo? Kwa sababu kinatuondolea kisingizio. Tumezoea kusema kwamba wagonjwa wetu wanakufa kwa sababu sisi ni maskini. Mara nyingi ni kweli. Lakini mama yule hakufa kwa kukosa vifaa. Watu wenye akili na nia njema walishikilia jambo moja, kuweka mrija, wakapoteza hesabu ya dakika, na waliokuwa wanaona vizuri hawakusikilizwa. Ugonjwa huo hauhitaji umaskini. Unaweza kutokea Londoni, unaweza kutokea Bukavu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika chumba cha upasuaji, mkuu asiyesikia la mdogo ndiye anayevunja, na kinachovunjika ni uhai wa mtu mwingine. Sote tunajua heshima ya vyeo katika hospitali zetu. Muuguzi hamkatizi daktari. Mwanafunzi hamkumbushi mwalimu. Heshima hiyo ni nzuri mezani na kanisani. Oksijeni inaposhuka, inaua.

Mpango unaosemwa kwa sauti

Baada ya visa vya namna hiyo, wataalamu wa nchi nyingi waliandika mwongozo wa hatua. Ule wa shirika la Uingereza linaloshughulikia njia ngumu za hewa, uliotolewa upya mwaka 2015, una hatua nne ambazo hata sisi tusio waganga tunaweza kuzielewa.

Hatua ya kwanza ni kuweka mrija, lakini kwa majaribio yasiyozidi matatu, na jaribio moja zaidi kwa mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wa kwanza. Ikishindikana, hatua ya pili ni maski ya koo, kile kifaa kilichobuniwa na daktari Archie Brain mwaka 1981, kinachokaa juu ya mlango wa njia ya hewa bila kuingia ndani yake. Ikishindikana, hatua ya tatu ni kurudi kwenye maski ya usoni na kumwamsha mgonjwa ikiwezekana. Na kama hakuna hewa inayopita kwa njia yoyote, hatua ya nne ni kufungua njia shingoni kwa bisturi, chini kidogo ya kikoromeo, na kupitisha mrija mwembamba hapo.

Kwa nini kuhesabu majaribio? Kwa sababu kila jaribio linajeruhi. Koo linavimba, damu inatoka, na mgonjwa ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anapata hewa kwa maski anafika mahali ambapo hata maski haimsaidii. Anayejaribu mara ya sita hafanyi tena kazi ileile ya mara ya kwanza. Anafanya kazi katika koo ambalo yeye mwenyewe amelifunga.

Mgonjwa hafi kwa kukosa mrija. Anakufa kwa kukosa oksijeni. Mtaalamu anayeacha mrija na kurudi kwenye maski hajashindwa. Amekumbuka kazi yake ni ipi.

Na mrija ukishaingia, lazima ijulikane umeingia wapi. Njia ya hewa na njia ya chakula ziko jirani kabisa, na mrija ulioingia katika njia ya chakula hauleti pumzi hata moja. Kusikiliza kifua kunaweza kudanganya. Kipima oksijeni cha kidole huchelewa kutoa habari, maana akiba ya mapafuni inaendelea kutumika. Kifaa kinachotoa jibu la haraka ni kapnografu, kinachopima hewa ya kaboni inayotoka mapafuni. Ikiwa hakuna alama ya kaboni inayopanda na kushuka, mrija uhesabiwe kuwa mahali pasipofaa mpaka ithibitishwe vingine.

Mwaka 2011 Uingereza ilichapisha uchunguzi wa nchi nzima. Kati ya wagonjwa karibu milioni 2.9 waliolazwa usingizi kamili kwa mwaka mmoja, ziliripotiwa ajali kubwa 133 za njia ya hewa, na watu 16 walikufa. Ni wachache, ukilinganisha na idadi yote. Lakini wachunguzi waligundua kwamba katika visa vingi mgonjwa hakuchunguzwa vizuri kabla, au mpango wa pili haukuwepo mpango wa kwanza uliposhindwa. Hata huko, kilichokosekana mara nyingi ni maandalizi.

Hali yetu

Sasa turudi nyumbani. Katika sehemu kubwa ya Kongo, anayelaza wagonjwa usingizi ni muuguzi wa anestezi. Wengi walifundishwa katika zile shule tunazoziita ISTM. Wengine walijifunza kazini tu, kwa kumwangalia aliyetangulia. Daktari bingwa wa anestezi unamkuta katika miji mikubwa, tena kwa shida. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na dawa ya usingizi iliyo salama na wanayoweza kuilipia. Ilipendekeza kila nchi iwe na wapasuaji, wataalamu wa anestezi na waganga wa uzazi angalau 20 kwa kila watu 100,000. Kongo iko mbali sana na lengo hilo.

Muuguzi huyo mara nyingi yuko peke yake usiku. Umeme unaweza kukatika, na mashine ya kutengeneza oksijeni ikazimika. Maski za koo za ukubwa wote hazipo. Kapnografu, katika hospitali nyingi za maeneo ya afya ya vijijini, ni jina analolijua kutoka darasani. Halafu saa nane za usiku analetwa mama kwa pikipiki, mtoto amekwama, damu inatoka.

Mama huyo ndiye anayetakiwa kutufikirisha zaidi. Ujauzito huvimbisha koo, tumbo lake mara nyingi limejaa, na akiba yake ya oksijeni huisha upesi. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2016, uliokusanya tafiti za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 1,000 wanaofanyiwa upasuaji wa uzazi, zaidi kidogo ya mmoja hufa kwa sababu ya anestezi yenyewe. Usingizi kamili uliambatana na hatari ya kufa mara tatu kuliko ganzi ya mgongo. Ni kweli kwamba mara nyingine wanaolazwa usingizi kamili ndio waliofika wakiwa mahututi zaidi. Hata hivyo somo liko wazi: pale ganzi ya mgongo inapowezekana, mama anabaki macho, anapumua mwenyewe, na vita vya njia ya hewa vinaepukwa.

Mwezi Septemba 2023 serikali ilianzisha mjini Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, ukiwemo upasuaji. Ni hatua nzuri, na tunaiunga mkono. Lakini upasuaji wa bure usio na anestezi salama ni ahadi nusu. Anayelipia mkasi na uzi bila kulipia maski ya koo amesahau kwamba mama lazima apumue wakati anashonwa.

Tunajua jibu litakalokuja. "Hospitali haina glavu za kutosha, wauguzi hawajalipwa, na ninyi waandishi mnatuletea habari za Uingereza!" Hoja hiyo tunaiheshimu. Ndiyo sababu tunaanza na yale yasiyohitaji pesa nyingi.

Tunachoomba

Kwa hospitali, tunaomba kwanza kwamba mgonjwa yeyote asilazwe usingizi kabla koo na shingo yake havijaangaliwa, na matokeo kuandikwa. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina swali hilohilo: je, mgonjwa huyu ana njia ngumu ya hewa, na kama anayo, vifaa na msaidizi wapo? Orodha hiyo ni karatasi moja tu. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, nchini Tanzania, jirani zetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ikiwa Ifakara waliweza kuisoma kwa sauti, hata Walikale tunaweza.

Pili, kabla ya dawa kuingia mshipani, anayelaza aseme mpango wake wote kwa sauti: nitaanza na hiki, nikishindwa nitafanya hiki, na nikishindwa kabisa bisturi iko hapa. Kusema huko kunachukua nusu dakika. Kila aliye chumbani anajua sasa nini kinafuata, na hatua ya pili ikifika hakuna anayeona aibu kuichukua.

Tatu, achaguliwe mtu mmoja wa kuhesabu majaribio na kutaja oksijeni. Awe muuguzi, awe mwanafunzi. Akisema "majaribio matatu, tusimame," kila mtu asimame, hata profesa. Mwenye cheo atangaze sheria hiyo yeye mwenyewe mwanzoni mwa kazi, maana mdogo hawezi kujipa ruhusa ambayo mkubwa hajampa.

Nne, liwepo sanduku moja la dharura katika kila chumba cha upasuaji, mahali panapojulikana, lisilofungwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani. Ndani yake ziwemo maski za koo, kile kijiti laini kinachoongoza mrija, bisturi, na mrija mwembamba wa namba 6. Vitu hivyo bei yake haifanani na bei ya gari la mkurugenzi.

Kwa serikali na wafadhili, tunaomba kapnografu na kipima oksijeni vihesabiwe pamoja na meza ya upasuaji: hospitali isiyo navyo isiambiwe kwamba chumba chake kimekamilika. Tunaomba wauguzi wa anestezi warudishwe darasani mara kwa mara, wafanye mazoezi ya hatua ya nne juu ya mfano wa koo, au hata juu ya koo la mbuzi kutoka machinjioni. Hakuna anayepaswa kuifanya kwa mara ya kwanza usiku wa manane juu ya mtu. Na tunaomba walipwe, maana mtu anayelala njaa hawezi kuhesabu dakika za wengine vizuri.

Kuna jambo jingine dogo ambalo litaokoa watu. Mgonjwa akionekana kuwa na njia ngumu ya hewa, apewe karatasi inayosema hivyo: shida ilikuwa nini, kifaa gani kilisaidia, kipi kilishindwa. Huku kwetu wagonjwa hutembea na daftari zao. Leo mtu anapasuliwa Goma, kesho vita vinamsukuma mpaka Bukavu, Bujumbura au Kampala. Faili yake haimfuati, lakini karatasi iliyo ndani ya daftari yake itamfuata.

Na sisi jamaa

Sehemu ya mwisho inatuhusu sisi tunaokaa kwenye benchi. Tuseme ukweli tunapoulizwa. Ikiwa mgonjwa alikunywa uji alfajiri kwa sababu shangazi mmoja alimhurumia, tuseme, maana chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ikiwa anakoroma mpaka nyumba nzima inaamka, tuseme. Ikiwa ana meno ya bandia au jino linalocheza, tuseme. Ikiwa katika upasuaji wa zamani aliambiwa kwamba "ulitusumbua", tusilione kama utani, tuliseme.

Tuna haki pia ya kuuliza. Nani atamlaza? Mmeangalia koo lake? Mkishindwa kumpa hewa, mtafanya nini? Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Atafurahi kwamba kuna mtu anayejua kazi yake ni nini, maana mara nyingi jamaa hukumbuka jina la mpasuaji tu.

Na mtaalamu akisema "leo hapana", tumsikilize. Tumwulize sababu, tumwulize wapi pa kwenda, tuidai hospitali itusaidie kufika huko na isitutoze kwa kazi isiyofanyika. Lakini tusimwite mwoga. Kumlaza mgonjwa kwa sababu jamaa wanapiga kelele, au kwa sababu mpasuaji ana haraka, si ushujaa. Aliyekubali kutukanwa kuliko kucheza na pumzi ya mtu amefanya kazi yake.

Shangazi yetu alipelekwa mjini baada ya majuma matatu. Huko hawakumlaza kwanza. Walimketisha, wakampulizia kooni dawa ya ganzi ambayo mpaka leo anaisimulia kwa uchungu wake, na wakapitisha mrija taratibu akiwa macho, anapumua mwenyewe. Ndipo wakampa usingizi. Rovu lilitolewa. Siku hizi analala chali kama watu wengine, na anafunga kitambaa shingoni kuficha kovu, ingawa sisi tunamwambia kovu lile halina ubaya.

Yule kijana wa anestezi sijamwona tena. Nilirudi mara moja kumtafuta, nikaambiwa amehamishwa. Jina lake sikuliandika siku ile. Katika daftari langu niliandika tu "muuguzi, anakataa kazi". Ningependa kufuta maneno hayo na kuandika mengine: muuguzi, aliuliza jinsi mgonjwa anavyolala, akasikiliza jibu.